Masta ya mipango miji na uhifadhi wa majengo ya kale, maoni yangu

Jamani mnaoniulizaga kuhusu ile masta, chuo sikitaji ila ntasema ukweli. Mimi niko Mwanza, nusu tulisoma onlaini, nusu fildi.

Kitu kitamu kuliko vyote ni chokaa, yani sitanii. Tulikwangua plasta ya saruji kwenye ukuta wa zamani wa mawe, nyuma yake unyevu tupu na udongo unadondoka kama unga, kumbe saruji inaziba maji ndani wakati chokaa inaacha ukuta upumue, sasa hivi nikipita Makoroboi, hapa mjini kwetu, naangalia kuta tu, mke wangu kachoka na mimi.

Sheria nayo wanafundisha vizuri. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, sasa Mwanza Wajerumani wameanzisha mji 1892, so hata jumba la Gunzert, lile la enzi za Wajerumani hapa mjini, linategemea lipate tangazo rasmi la serikali la kulilinda, vinginevyo mwenye tingatinga ndo mwenye mji.

Kilichoniudhi? Mifano yote Mji Mkongwe na Ulaya, Mji Mkongwe sawa uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, ila nani atatufundisha kupanga mitaa ya juu ya miamba huku kwetu Mwanza, kule Igogo na Mabatini? Msimamizi wa tasnifu nae kujibu imeili mpaka umbembeleze. Ada unalipa kwa awamu, ila ukidaiwa hata buku matokeo huoni.