Alaimenti ya gari iliyoshushwa, gereji moja Ilala
Wenye Subaru mlioshusha hii inawahusu. Impreza yangu tangu niweke springi fupi ilikua inakula tairi za mbele upande wa ndani hadi nyaya zinachungulia, ukiangalia nje tairi mpyaaa. Gereji nyingine walisogeza tairodi (vile vyuma vya usukani vinavyogeuza tairi) tu wakasema tayari. Hapa Ilala fundi hata mashine hajawasha, kacheki upepo, kanyanyua na jeki katikisa tairi, kakuta bushi ya kontrol amu imekufa, akagoma kupima mpaka ibadilishwe. Nikasema huyu ndo mwenyewe. Akalegeza boliti ya juu pale kwenye shokapu, ile ukiizungusha tairi inasimama au inalala, akaitoa kemba (yaani tairi ilivyolalia ndani kwa juu) kwenye digrii -2 na ushee mpaka karibu -1, tou (tairi zinavyoangalia ndani au nje kwa mbele) akaiacha mwisho maana ukigusa kemba na yenyewe inahama. Karatasi ya vipimo vya kabla na baada unapewa. Bei imechangamka, jumamosi foleni balaa na kiti cha kusubiria ni ndoo ya rangi 😂 ila usukani umenyooka, gari haivuti tena. Kemba ya nyuma kaniambia wazi haina marekebisho, labda ninunue amu za kurekebishika, hajanipiga hela.