BL za Kikorea za penzi la kwanza: ipi uilipie kwanza?

Ukishamaliza tamthilia moja ya BL (Boys' Love, yaani mapenzi ya wavulana kwa wavulana) ya Kikorea, programu inakurundikia nyingine kumi zinazofanana kama shilingi kwa ya pili: sare za shule, mvua, mwavuli mmoja, mvulana mkimya na mwenzake msumbufu. Zote ni fupi, na karibu zote zinaishia kwenye busu. Kwa hiyo sikuzipanga kwa utamu wa mwisho. Nimeangalia kama mhusika amepewa muda wa kuhangaika kabla hajajua kuwa kinachomsumbua ni mapenzi.

Kwa kipimo hicho, namba moja ni Light On Me (2021). Ina sehemu 16, na urefu huo ndio unaoibeba. Woo Tae-kyung, anayechezwa na Lee Sae-on, hana rafiki hata mmoja shuleni, na mwalimu anamshauri ajiunge na baraza la wanafunzi. Humo anamkuta Shin Da-on, mpole kwa kila mtu, na Noh Shin-woo, ambaye anamnunia tangu mwanzo. Tae-kyung hajui kuzungusha maneno. Jambo likimtatiza analiuliza hapohapo, mbele ya anayehusika, na waliopo wanabaki kutafuta pa kuangalia. Sasa mpe mtu wa namna hiyo hisia asiyoweza hata kuiulizia swali! Mapenzi ya watu watatu huwa yananichosha, kwa sababu kwa kawaida yule wa tatu yupo tu kujaza nafasi. Hapa kila mmoja ana haki yake, na nilibadilisha upande zaidi ya mara moja. Katikati inavuta miguu kidogo. Vumilia.

Semantic Error (2022) ndiyo wengi wangeiweka juu, na siwalaumu. Chu Sang-woo (Park Jae-chan) anasoma kompyuta na anaishi kwa ratiba. Kwenye kazi ya kikundi anafuta majina ya wote ambao hawakufanya kitu, na mmoja wao ni Jang Jae-young (Park Seo-ham), ambaye kwa ajili hiyo anakwama kuhitimu. Kisasi chake ni cha kitoto na kinachekesha mno: akigundua Sang-woo hawezi kuvumilia rangi nyekundu, anajivika nyekundu na kumganda kila aendako. Mtazame Sang-woo akijificha chini ya kofia yake nyeusi huku uso umeanza kumsaliti. Sehemu 8, kama saa tatu na ushee, hakuna dakika iliyopotea. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu: Jae-young ni mtu aliyezoea kupendwa, kwa hiyo kizaazaa cha mara ya kwanza kiko upande mmoja. Halafu angalizo la mfukoni: mwaka huohuo ilitoka filamu yake, na filamu hiyo ni tamthilia ileile iliyounganishwa. Usilipie mara mbili.

Ya tatu ni The Eighth Sense (2023), sehemu 10. Kwa upigaji picha na uigizaji pengine inazishinda zote hapa. Ji-hyun ametoka mkoani kuja kusoma Seoul. Jae-won amerudi chuoni baada ya jeshi, na ana msiba moyoni ambao hajautua. Wanakutana, na klabu ya kuteleza kwenye mawimbi inawasogeza karibu. Jae-won anakwenda kwa mshauri nasaha, na mazungumzo yale yameachwa yaende taratibu, na ukimya wake wote. Ila si ya kutazama ukiwa umetoka kazini hoi unatafuta cha kukufurahisha. Kama nawe umefiwa karibuni, isubirishe.

Cherry Blossoms After Winter (2022) ni ya nne. Hae-bom alifiwa na wazazi akiwa mdogo, akalelewa nyumbani kwa kina Tae-sung, na sasa wako darasa moja mwaka wa mwisho wa sekondari. Tamu kweli, lakini wakishaambiana ukweli hadithi inaishiwa pumzi. Ni tamthilia ya siku una mafua na hutaki kufikiri.

Where Your Eyes Linger (2020) ilizifungulia njia hizi nyingine: mtoto wa tajiri na mlinzi wake waliokua pamoja, sehemu 8 za dakika kumi hivi. Leo inaonekana nyembamba. Itazame ukitaka kujua Hwang Da-seul, muongozaji wake, alianzia wapi kabla ya To My Star na Blueming.

Kuhusu malipo: nyingi za aina hii hupatikana Viki, programu ya kutazama tamthilia mtandaoni, lakini orodha hutofautiana nchi kwa nchi. Kabla hujatoa hela, tafuta jina la tamthilia ukiwa hukohuko unakoishi, ujaribu kufungua sehemu ya kwanza. Maandishi ya chini tegemea Kiingereza. Kwa bando, hesabu hadi GB 1 kwa saa kwenye ubora wa kawaida. Ukiacha programu ijichagulie ubora, itakula zaidi ya hapo. Lipia mwezi mmoja tu, tazama Light On Me na Semantic Error, na uzime malipo ya kujirudia siku hiyohiyo uliyolipa. Kwa kawaida utaendelea kutazama mpaka mwezi wako uishe.