Tahadhari: Muuzaji wa Epoksi Bandia ya Kuchorea Sakafu za Viwanda na Maghala Dodoma

Ninawatahadharisha wenye viwanda vya kukamua alizeti, wasimamizi wa maghala ya nafaka na wenye karakana, kuanzia Kizota na Nala hadi Kibaigwa na Manyoni, juu ya muuzaji anayepita kiwanda hadi kiwanda akinadi rangi anayoiita epoksi, yaani rangi ngumu ya sakafu inayotokana na kuchanganya dawa mbili, kwa ajili ya kuchora njia na kutenga maeneo ya hatari sakafuni. Bidhaa anayoileta si epoksi, na cheti anachokabidhi baada ya kazi hakina thamani yoyote. Kiwandani kwetu Kizota, ambako mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi katika masuala ya usalama, alilipwa fedha zote kabla ya kazi kukamilika, na sasa simu yake haipokelewi.

Huja amevaa kizibao cha kuakisi mwanga na kofia ngumu, akiwa na faili mkononi, na huomba kuonana na meneja moja kwa moja, kamwe si mtunza stoo wala fundi. Ndani ya faili mna kurasa za Kiingereza zenye jina la OSHA, yaani wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na kwa kurasa hizo humtisha meneja kwamba sheria inaamuru sakafu ichorwe rangi saba, kwamba wakaguzi wako njiani, na kwamba atakayechelewa atafungiwa kiwanda. Nilizisoma kurasa hizo. Ni za Marekani, zimetolewa katika kanuni namba 1910.144 ya wakala wa nchi ile, ambao jina lake la kifupi limefanana na la wakala wetu. Sheria inayotuhusu sisi ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA ya Tanzania. Tena hata kanuni hiyo ya Marekani inataja rangi mbili tu: nyekundu kwa vifaa vya kuzimia moto, hatari na vitufe vya kusimamishia mashine, na njano kwa mahali ambapo mtu anaweza kujikwaa, kuanguka, kugongwa au kubanwa. Rangi saba hazimo.

Mtu asidhani kwamba napinga rangi za sakafuni, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyeziomba. Katika kiwanda cha mafuta, ambako sakafu huteleza, magunia ya mashudu hupangwa hadi juu na folklifti (gari la kunyanyulia mizigo) hurudi kinyumenyume huku dereva akiona nusu tu ya kilicho nyuma yake, mstari wa njano unaotenganisha njia ya waenda kwa miguu na njia ya mashine unaokoa miguu na maisha. Kiwango cha kimataifa cha ISO 3864 kimeipa kila rangi kazi yake: nyekundu ni makatazo na vifaa vya moto, njano ni onyo, bluu ni jambo la lazima kama vile kuvaa kinga, na kijani ni usalama, yaani huduma ya kwanza na njia ya kutokea. Faida hiyo ipo pale tu mstari unapodumu na rangi inapokuwa mahali pake. Mafundi wa muuzaji huyu waliishiwa nyekundu, wakazungushia kijani mitungi yetu ya kuzimia moto na kusema kwamba ni sawa tu. Si sawa hata kidogo, kwa sababu mtu anayekimbia ndani ya moshi hasomi maandishi. Anafuata rangi aliyofundishwa.

Kuhusu rangi yenyewe, epoksi ya kweli huja katika vyombo viwili. Kimoja kina utomvu wenye rangi, kingine kina hardena, yaani dawa ya kuugandisha, na viwili hivyo huchanganywa kwa uwiano ulioandikwa na mtengenezaji. Haikauki kwa thina kuruka hewani kama rangi ya mlango. Hugeuka kuwa ngumu kwa sababu dawa hizo mbili zimekutana na kuungana. Ndiyo maana mchanganyiko uliokwisha kukorogwa haukai hadi kesho, na kwa joto la Dodoma muda wa kuutumia hupungua zaidi. Mafundi hawa walifika na ndoo moja moja za lita 20, wakazichota siku nzima, jioni wakafunika, asubuhi wakaendelea na rangi ileile. Hakuna epoksi iliyochanganywa inayoweza kufanya hivyo. Nilipokwangua lebo ya ndoo mojawapo kwa kisu, chini yake ilionekana lebo nyingine, ya rangi ya mafuta ya kawaida ya kupakia mageti. Folklifti ilipoanza kupita, mstari wa njano ulibanduka kwa vipande virefu na kung'ang'ania kwenye tairi, na penye mafuta ya alizeti rangi ililainika kiasi kwamba kucha iliacha alama.

Hata rangi halisi ingebanduka kwa maandalizi yao. Walifagia vumbi na kupaka juu ya sakafu yenye mafuta, bila kusafisha kwa sabuni ya kuondoa grisi wala kusugua zege kwa mashine hadi tabaka laini la juu liondoke. Fundi wa kweli atakuuliza zege lina umri gani, kwa kuwa jipya husubiriwa angalau siku 28, na ataligandishia karatasi ya nailoni kwa gundi pande zote usiku kucha ili aone kama unyevu unapanda kutoka chini. Penye mafuta na maji, atakueleza pia namna atakavyochanganya mchanga wa kwatzi (quartz) ili sakafu isiteleze. Asiyeuliza lolote kati ya hayo asipewe kazi.

Kuhusu cheti, hakuna muuzaji wa rangi mwenye mamlaka ya kutoa hati ya usalama kwa niaba ya OSHA. Ofisi zao zipo hapahapa Dodoma, na swali halitozwi pesa. Akikuonyesha alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwenye ndoo, chukua namba ya leseni uiulizie TBS wenyewe kabla ya kutoa malipo. Mdai karatasi ya maelezo ya kitaalamu ya mtengenezaji, mwombe apake mita chache na uache folklifti izipite kwa wiki kadhaa, na ulipe kwa akaunti ya kampuni dhidi ya risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Sisi tulielekezwa kutuma fedha kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na hiyo pekee ilitosha kumkataa.

Kwa ambao sakafu zao zimekwisha kupakwa, nawasihi msiikwangue rangi hiyo ikiwa kavu wala kuisugua kwa mashine bila kufyonza vumbi, hasa ya njano. Rangi za njano za bei ya chini zimekuwa zikitengenezwa kwa kromati ya madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa mfanyakazi na halitakiwi kabisa mahali panapokamuliwa mafuta ya kula. Hadi itakapoondolewa kwa utaratibu, tengeni njia kwa koni na minyororo, na waelezeni wafanyakazi wa kila zamu kwamba mistari iliyopo isitegemewe. Msizitupe ndoo. Tunzeni lebo zote mbili, miamala ya simu na hicho cheti, na muache sehemu ya sakafu kama ilivyo, kwa kuwa tunapeleka malalamiko Polisi na Tume ya Ushindani, na vielelezo vya viwanda kadhaa vikikaa katika jalada moja itakuwa vigumu kwake kudai kwamba alikosea kwa mteja mmoja tu.