Pikipiki za zamani mnadani: ipi uanze nayo, ipi uipite

Mnada wa vyombo chakavu ukitangazwa Mbeya, Iringa au Njombe, usikimbilie tangi linalong'aa. Rangi ni bei rahisi. Niliwahi kumwona mtu akipandishiana dau na mwenzake kwa ajili ya Yamaha DT125 iliyokwama kiki kabisa, eti kwa sababu marehemu baba yake alikuwa na kama hiyo. Mtu huyo ni mimi.

Leo ningeanza na Honda CG125. Haina sura, nakubali. Honda waliitoa mwaka 1976 wakifikiria nchi ambazo pikipiki hubebeshwa magunia na oili hubadilishwa siku mwenyewe akikumbuka. Valvu zake husukumwa na vifimbo, kwa hiyo haina cheni ya taimingi ya kulegea. Injini nyingi za Kichina za 125 na 150, zile tulizoanzia bodaboda, ziliigwa kutoka kwake. Ndiyo maana fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, hakutumi Dar kutafuta ringi za pistoni. Anazo kwenye kopo. Hata ikitoka mnadani imekufa, inafufuka.

Inayofuata ni Yamaha AG100, pikipiki ya mabwana shamba: keria mbele na nyuma, stendi kulia na kushoto, cheni imefunikwa yote. Kwa tope la Rungwe, hicho kifuniko ni neema. Injini yake huchoma oili pamoja na petroli, hivyo moshi kidogo wa buluu usikutie hofu. Angalia kama pampu ya oili bado ipo. Wengi waliing'oa wakawa wanamimina oili kwenye tangi kwa kukisia, na pistoni ndiyo iliyolipa. Nikikuta haipo, nashusha dau langu au naenda kunywa chai.

Honda XL125 ni tamu kwenye milima, ila cheni ya taimingi ikichoka hupiga kelele kama njuga. DT125 ina mbio kuliko zote hizi. Inunue ukiwa na fundi anayeijua na moyo wa kusubiri spea. BSA na Vespa za kale ni za kuwekwa sebuleni, wageni wazisifu.

Mara nyingi mnadani hutaruhusiwa kuiwasha. Basi bonyeza kiki kwa mkono. Ikikusukuma kidogo kurudi juu, silinda bado ina pumzi. Ikishuka laini bila kipingamizi, andaa hela ya pistoni na ringi. Ukiruhusiwa, fungua plagi. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo pikipiki iliyopangwa kabureta huko pwani hunyweshwa petroli kupita kiasi na plagi hujaa masizi makavu. Hiyo ni kazi ya kubadilisha jeti tu, kile kitundu cha kupitisha petroli ndani ya kabureta. Plagi ya Honda hizi, ambazo hazichomi oili na petroli, ikiwa imelowa oili, hapo mara nyingi ringi zimekwisha. Halafu nyingi za zama hizo ni volti 6. Taa yake usiku wa ukungu wa Uyole ni kibatari.

Kuhusu hela: mara nyingi utadaiwa amana ya asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 14. Ukichelewa, amana imekwenda. Mali huuzwa kama ilivyo, mahali ilipo, na ikiwa ilikuwa ya serikali au mradi, namba zake lazima zibadilishwe TRA ndipo iwe yako.

Kwa hiyo kabla dalali hajafungua kinywa, inama kwenye shingo ya fremu chini ya usukani, kwangua tope, usome namba ya chesisi tarakimu kwa tarakimu ukilinganisha na kadi. Mimi sikuinama. DT yangu ilipishana na kadi kwa tarakimu moja, na mpaka leo kuku wanalala juu ya siti yake.