Karakana ya Makole na programu ya UPS iliyokuwa ikijifunga

Kwa miezi miwili, programu inayosimamia UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoipa kompyuta umeme ule wa ukutani unapokatika, katika steshenari yangu ya Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ilikuwa ikijifunga yenyewe, siku nyingine hata mara tatu. UPS iliendelea kuibeba kompyuta umeme ulipokatika, lakini programu ikishajifunga kompyuta haipati habari kwamba betri inakaribia kuisha, kwa hiyo haijizimi kwa utaratibu. Inakatika tu, na tasnifu ya mwanafunzi inaishia katikati.

Mafundi wawili walikuwa wameniambia kuwa dawa ni betri mpya. Fundi wa karakana ndogo niliyoipata Makole hakuigusa betri. Alifungua kwanza kumbukumbu za matukio za Windows, akanakili saa ambazo programu ilijifunga, kisha akanionyesha kwamba karibu kila mara, sekunde chache kabla, kompyuta ilikuwa imeandika kuwa kifaa cha USB kimepotea na kurudi. Waya wa mawasiliano wa UPS nilikuwa nimeuchomeka kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake, pamoja na printa na flashi za wateja, na Windows nayo ilikuwa imeruhusiwa kuzima matundu ya USB yaliyotulia ili kuokoa umeme. Zaidi ya hapo, toleo la zamani la programu, lililotoka kwenye sidii iliyokuja na UPS, lilikuwa bado likifanya kazi chinichini na kugombania kifaa kimoja na toleo jipya. Hilo la mwisho ni kosa langu.

Aliuchomeka waya moja kwa moja nyuma ya kompyuta, akazima mpangilio huo wa kuokoa umeme, akaondoa matoleo yote mawili, akaiwasha kompyuta upya na kusakinisha toleo moja tu kutoka tovuti ya mtengenezaji. Kazi ilichukua saa mbili na gharama yake ilikuwa shilingi 25,000, bei ambayo naiona ya haki, kwa kuwa nililipia uchunguzi na si kubahatisha.

Hata hivyo, alinikabidhi mashine bila kuchomoa plagi ya UPS ukutani na kuona kitakachotokea, na kwangu huo ni upungufu mkubwa wa huduma hii. Nilifanya jaribio hilo mwenyewe dukani. Programu haikujifunga, ikasema zimebaki dakika 18, na dakika ya sita kompyuta ikazimika. Kumbe mafundi wale wa awali hawakukosea kabisa: betri za risasi za volti 12 zilizomo ndani ya UPS kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5, na joto huzifupishia maisha. Yangu ilikuwa na zaidi ya miaka 4, chini ya paa la bati.

Niliporudi, aliweka betri yenye volti na uwezo uleule bila kudai ufundi mara ya pili, akaiagiza programu ianze kuzima kompyuta zinapobaki dakika 8. Wiki tatu zimepita, umeme umekatika mara mbili, na mara zote mbili kompyuta imejizima kwa utaratibu. Maelezo ya maandishi ya mipangilio aliyoibadilisha sikupewa. Niliyanukuu mwenyewe kwenye daftari la mauzo.