Ujiji au Kwihara?
Mgeni wa Reli ya Kati mwenye nafasi ya kuzuru makumbusho moja tu atavutwa kwanza na Ujiji, mjini Kigoma, mahali ambapo mwandishi wa habari Stanley alimkuta mmisionari na mpelelezi Livingstone mwaka 1871, na ambapo mnara wa kumbukumbu umesimama penye miembe, ingawa sanamu za wazungu hao wakivuliana kofia huchekesha kuliko zinavyofundisha. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, haina ziwa la kupigia picha. Ina tembe (nyumba ya udongo yenye paa bapa) lililokarabatiwa, ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Mimi ningechagua Kwihara, kwa kuwa kuta zake nene na mlango wake wa nakshi hueleza maisha ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa, jambo ambalo Ujiji huliachia zaidi mwongozaji.