TAHADHARI: Fundi wa funguo za magari anayekufuata ulipo. Ufungueni kichwa ufunguo aliowauzia

Wadau, naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja. Wanaonifahamu wanajua mimi si mtu wa kuanika mambo yangu, lakini huyu jamaa bado anazunguka na mashine yake akichukua hela za watu, na kukaa kimya itakuwa ni kumlinda. Gari langu lilikuwa na funguo mbili, mmoja ukapotea; aliyeupoteza anajijua, kwa hiyo hilo tuliache.

Nilibaki na ufunguo mmoja. Nikaenda kwa wakala rasmi kwanza, maana kuna watu tayari wananiambia "ungeenda kwa wakala". Nilienda! Wakataka gari, kadi ya gari, kitambulisho na ufunguo uliobaki, halafu mpya uagizwe kwa namba ya chasisi, nisubiri hadi ufike. Bei waliyotaja ilibidi niwaulize kama wameelewa kwamba nataka ufunguo, injini sina shida nayo. Huyu fundi wa funguo akanitajia theluthi ya hiyo bei, anakuja mwenyewe, na kazi anamaliza palepale. Ninyi mnaonicheka, nusu yenu mngekuwa mmeshampigia kabla hata sijamaliza kusoma bei ya wakala.

Na jamaa kazi anaijua, hilo ndilo linaloniuma. Alikuja na mashine ya kuchongea nyuma ya gari lake, akabana ufunguo wangu upande mmoja na ule mpya upande wa pili, akachonga taratibu, chenga za chuma zikimdondokea kwenye viatu. Akaupangusa, akaupitisha kidole ukingoni, akasema hapa bado panakwaruza, akaurudisha tena mashineni. Tapeli gani anahangaika na mkwaruzo ambao mimi hata siuoni? Ulipoingia kwenye swichi uligeuka kama siagi. Akabonyeza vitufe vya rimoti, milango ikajifunga, ikajifungua, taa zikawaka. Mimi nikaona kazi imekwisha.

Akasema bado kuprogramu. Akaomba ufunguo wangu wa zamani "ausome", akakaa kwenye kiti changu, akachomeka waya chini ya dashibodi. Halafu akanigeukia kwa sauti ya upole kabisa: "Bosi, naomba usogee kidogo na simu yako, mawimbi yakiingiliana hapa kompyuta ya gari inaweza kuungua." Nikasogea. Nikasogea hadi kule ukutani, nimeshika simu kwa mikono miwili kama mtoto aliyepewa adhabu. Kutoka kule nilikuwa naona mgongo wake tu, ameinama chini ya usukani. Sasa niambieni, kwenye ndege si tunaambiwa tuzime simu? Hospitali nako je? Mtu mwenye mashine inayohesabu asilimia kwenye kioo anakwambia sogea, utabishana naye kwa elimu gani?

Akaniita. Ufunguo mpya, gari likawaka. Wa zamani, likawaka. Nikauliza, na ule uliopotea? "Huo nimeshaufuta, hata mwizi akiuokota hauwashi kitu." Nikalipa hela yote, nikamwongezea na juu. Naandika sentensi hii meno yakiwa yameumana.

Wiki zikapita. Siku moja, baada ya kupita barabara mbovu, nikasimama kujaza mafuta, nikageuza ufunguo, injini ikashika ikazima papo hapo. Tena, ikashika ikazima. Kwenye dashibodi taa yenye picha ya ufunguo inapepesa. Nikatuma nyumbani waniletee ufunguo wa zamani, hali ni ileile, na nyuma yangu foleni inapiga honi. Nikampigia jamaa. Mara ya kwanza ni betri ya ufunguo. Nikabadilisha betri, wapi. Mara kompyuta ya gari imeungua, nianze kutafuta hela ya kompyuta. Baada ya hapo simu ikawa inaita tu.

Gari la kuvuta likanipeleka kwa wakala, yuleyule niliyemkimbia. Fundi wao akaunganisha mashine, akaniuliza, "Gari lako lina funguo ngapi?" Nikasema zilikuwa mbili, nikaongeza mmoja, na mmoja ukafutwa. Akanigeuzia kioo. Gari linatambua funguo mbili, zilezile lililozaliwa nazo. Hakuna kilichoongezwa wala kufutwa. Ule uliopotea ungewasha gari langu muda wote huo, na mpya gari halijawahi kuujua.

Akafungua plastiki ya chini ya usukani. Pembeni ya swichi kuna tepu nyeusi imelegea kwa joto, na kwenye tepu kananing'inia kadude keusi, kadogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Chipu. Akachukua ufunguo wangu wa zamani, akanionyesha kwenye maungio ya kichwa chake mstari mwembamba unaong'aa. Gundi. Akaupasua kwa kisu kidogo, ndani pana shimo tupu. Akapasua na mpya, mtupu vilevile, una betri na vitufe tu. Yule mshenzi aling'oa chipu ya ufunguo wangu mwenyewe akaibandika kwenye gari!

Kwa wasiojua, na mimi sikujua: magari mengi yana kifaa ambacho mafundi wanakiita imobilaiza. Ulaya kililazimishwa kwa magari mapya tangu 1998. Kuna pete ya waya kuzunguka swichi, ufunguo ukiingia pete inaiamsha chipu iliyo kwenye kichwa cha ufunguo, chipu inajitambulisha, gari linakubali kuwaka. Chipu hiyo haina betri, inapata nguvu kutoka kwenye pete, kwa hiyo habari ya "betri imekwisha" ulikuwa uongo mtupu. Chipu ikibandikwa jirani na pete, gari linaamini ufunguo halali upo wakati wote. Mtu yeyote mwenye chuma kilichochongwa sawasawa anawasha na kuondoka. Yaani nilimlipa mtu aniondolee kinga ya wizi, na nikamshukuru! Tepu ilipolegea chipu ikaning'inia mbali na pete, ndiyo maana gari likagoma. Vitufe navyo ni habari nyingine kabisa. Katika magari mengi rimoti ya milango na ruhusa ya kuwasha injini ni vitu viwili tofauti, na rimoti nyingine zinaunganishwa bila mashine yoyote. Milango kufunguka hakuthibitishi kitu.

Huyu mtu afungwe. Simaanishi arudishe hela yangu tukayamaliza, hapana, afungwe, na ile mashine yake ichukuliwe, maana anajua gari langu linalala wapi na ana vipimo vya ufunguo wangu. Anayeacha magari ya watu wazi namna hii ana tofauti gani na mwizi? Na wale walionipa namba yake na kumsifia, nanyi kaangalieni chini ya usukani wenu kabla ya kuniandikia "pole".

Dalili? Zilikuwepo. Hakuniomba kadi ya gari wala kitambulisho, hakuuliza kama gari ni langu. Anayefuta ufunguo kweli kwa kawaida anataka zote zilizobaki ziwepo, na kwenye magari mengi mashine inaonyesha idadi ya funguo kabla na baada. Mwambie akuonyeshe. Asikufukuze kwenye gari lako. Na mkitaka kujua kama mmefanyiwa kama mimi, zungushieni kichwa cha ufunguo foili mara kadhaa kisha washeni. Gari likiwaka na kuendelea kunguruma kama kawaida, fungueni hiyo plastiki. Funguo za magari yanayowashwa kwa kubonyeza kitufe sijui, hizo zina mambo yake.

Kuhusu wakala au fundi, msinielewe vibaya. Wakala ni ghali na anachelewesha, na mimi nimeishia kumlipa yeye pia, pamoja na gari la kuvuta. Kama funguo zote zimepotea, au ni hizo za kitufe, mimi sasa naenda kwake bila kuuliza. Ila ukiwa na ufunguo mmoja mkononi, fundi wa funguo mwenye duka lake, anayekuandikia risiti yenye namba ya chasisi na kukuacha ukae kiti cha pembeni ukitazama, anaweza kuifanya kazi hiyohiyo vizuri kwa bei nafuu. Wapo, tena wengi, na huyu mshenzi anawaharibia jina.

Polisi nimeshafika. Chipu, tepu na zile funguo mbili zilizopasuliwa vimo kwenye bahasha. Nimeulizwa kama kuna mwingine aliyefanyiwa hivi. Kama ni wewe, njoo pembeni unitajie, na usiitoe hiyo tepu kabla ya kuipiga picha.